Majibu ya Agnella Juu ya Kenchi

Asubuhi ya mtihani wa majaribio, Mwalimu Ildefonce aliingia darasa la saba hapo Mofu na karatasi kwapani na fimbo ya mpera mkononi. Alipoinyanyua tu, majibu ya Agnella yakamtoka sikioni kama kawaida, ndege wadogo wa rangi ya udongo, yakaenda kutua juu ya kenchi za paa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Ya wenzake yalikuwa yameshatangulia.

Agnella alishika kalamu, akatazama juu. Mjomba wake Fridolin alishasema: akifaulu mtihani huu ataendelea na shule, akifeli ataenda Mlabani kufanya kazi za ndani. Na jana tu, juu ya dungu shambani, wakiamia na kufukuza ndege wa mpunga, Agnella alikuwa amemsimulia mama yake safari nzima ya chakula tumboni, bila kukosea hata mahali pamoja.

Mambo haya hayakuwa siri. Mwenye macho haambiwi tazama. Rosemery, nesi wa zahanati, alishakuja mpaka kwenye kikao cha wazazi kuyaeleza.

"Mtoto akiogopa, mwili unamwaga homoni ya hofu. Ikizidi, kichwa hakishiki kitu. Wekeni fimbo chini, ndege watarudi wenyewe."

"Mimi nilichapwa, nesi, na nimesoma," alisema Mwalimu.

Wazazi waliwakubali wote wawili. Ila watu wa mpunga wakiona ndege hawaulizi ametoka wapi. Walikuja na madebe wakayapiga, na elimu ya darasa zima ikakimbilia ng'ambo ya mto, ikarudi Jumatatu imekonda. Ndipo wakaleta nyavu za kuvulia samaki, wakaziba madirisha. Inauma kusema, lakini kazi ilikuwa safi.

Kwa hiyo asubuhi hiyo ya mtihani majibu hayakwenda mbali. Yalirukaruka juu na kunyea karatasi. Agnella aliyajua yake kwa sura. Lile lenye mkia mfupi lilikuwa la ini. Aliandika jina lake, akalifuta, akaliandika tena, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba uiweke fimbo chini. Kidogo tu."

"Andika, Agnella," alijibu Mwalimu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Muda unakwenda."

Kengele ilipolia Mwalimu alikusanya karatasi. Mikono ilipomjaa, akaiegemeza fimbo ukutani. Ndege wakashuka, kila mmoja akaingia sikioni mwa mwenyewe.

Siku matokeo yalipobandikwa, Febronia, mama yake Agnella, alishinda akikunja magauni ya mwanawe. Agnella hakuweza kukaa. Alizunguka chumbani akilieleza ini, na nyongo, na kongosho, kila kimoja mahali pake na kazi yake. Febronia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri sana, mwanangu," akamwambia, akafunga zipu ya begi la Mlabani.