Gogo la Agbokope

Siku niliyopelekwa kwa mume wangu Selom ndiyo siku maafisa walipokuja kukipasua kijiji chetu. Ghana ilikuwa na uhuru wake, Togo imepata wake juzijuzi, na ukanda wetu wa mpakani kila nchi ikidai ni wake. Basi wakubwa wakakubaliana mpaka upite kwenye barabara ya Agbokope: upande wetu Ghana, ng'ambo kwa kina Selom, Togo.

Tulitoka nyumbani kwa ngoma na vigelegele, tukakuta gogo limelazwa njiani. Huku kasimama Bwana Lartey, afisa wa Ghana. Kule Bwana Lamboni wa Togo.

"Bibi harusi ana kibali?" Lartey akauliza.

Shangazi yangu Dzatugbui, aliyekuwa akinipeleka, alimtazama juu mpaka chini. "Kibali cha kuvuka barabara? Mwanangu, kuku wangu huvuka hapa kila asubuhi wakatage kwa wakwe. Hao nao umewaandikia?"

Watu wakaangua kicheko. Lamboni alijikaza asicheke, akashindwa.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua. Lakini huyu binti tumemwuliza mara tatu kama tuipokee pombe ya posa. Angekataa, chupa zingerudi zilikotoka. Sisi mmetuuliza mara ngapi?"

Maafisa wakatazamana. Lamboni akavua kofia. "Hajakosea huyu mama."

"Haya," Lartey akapaza sauti, "mnataka Ghana?"

"Hatutaki!"

"Togo, basi?" akauliza Lamboni.

"Hatutaki!"

Hakuna aliyejua swali la tatu. Mimi nikaona ndoa yangu inaota mbawa. Nikaropoka: "Tuulizeni kama tunataka kukaa pamoja!"

"Tunataka!" Kelele zile ziliwatimua kunguru minazini.

Shangazi akanifinya. "Bibi harusi gani mdomo wazi hivyo?" Lakini alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Shemeji zangu wakalisukuma gogo kando, nikavuka. Maafisa wakala akple, ugali wetu wa mahindi, na mchuzi wa bamia katika bakuli moja, na Lamboni akacheza ngoma vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Walilipeleka jibu letu kwa wakubwa wao. Tulikaa roho juu tukisubiri askari. Badala yake zikaja habari kwamba vijiji vyote vya mpakani navyo vinadai viulizwe. Kila kimoja kilipoulizwa, jibu lilikuwa lile lile. Mwishowe serikali zote mbili zikachoka, zikatia sahihi: ukanda wetu usiwekewe kizuizi, utunzwe na zote mbili, na fedha zote mbili zipokelewe sokoni.

Siku ya sherehe ya kutia sahihi bendera mbili zilipandishwa, na Shangazi akafungua genge la maharage na ndizi za kukaanga katikati kabisa ya barabara. Malori ya Accra na ya Lomé yanampigia honi kutwa nzima. Yeye hasogei, yanamzunguka.