Fuko wa Lorna Tavares

Gemu la kwanza la Lorna Tavares lilikuwa la fuko anayechimba mashimo huku nyoka wakimtokea chini kabisa ya kioo. Alilitunga mwaka mzima. Mimi, fundi wake kwenye maabara ya kampuni yetu ya magemu, nililicheza mpaka mke wangu akaanza kumwonea wivu fuko.

Wiki hiyo mashine yake, kabati lenye kioo linalochezwa kwa sarafu, tuliipeleka kwenye mgahawa wa piza hapa Sunnyvale, California, ijaribiwe na wateja. Utaratibu wetu ni mmoja: mtunzi anakaa pembeni, anatazama, kafunga mdomo. Ijumaa bosi wetu, Dunlap, anakuja kuamua. Ama gemu linaingia kiwandani, ama linakufa na vyuma vyake anapewa mtunzi mwingine.

Ijumaa ikafika, na Lorna hajagusa hata piza yake.

"Wendell, unamwona yule dereva wa lori? Alipokuwa peke yake alicheza vizuri kabisa. Watu wamejaa, sasa anakufa kama kuku."

"Anaona aibu."

"Aibu gani, na viatu kavua?"

Kweli, soksi zake zilikuwa mbili tofauti. Akafa tena, akaipiga mashine teke. "Mwizi huyu! Nyoka simwoni, nashtukia nimeliwa."

Dunlap akaingia akalikuta teke hilo hilo. "Pole, binti," akamwambia Lorna. "Watu wamelikataa."

"Wamelikataa vipi na foleni ile?" Lorna akainuka, akaenda kuchungulia juu ya bega la dereva. Akainama. Akakaa hivyo muda, kama anayenusa sufuria. Kisha akarudi. "Bosi, kacheze."

Dunlap akafanya kama kila mtu mjini: akasimamisha sarafu yake kwenye ukingo wa chini wa kioo, pembeni ya sarafu za wenzake, kushika zamu. Ilipofika akaitumbukiza, akacheza, akaliwa mara moja.

"Nimeliwa na nini?"

"Na nyoka aliyekuwa nyuma ya sarafu ya huyu dada mwenye kofia," Lorna akasema.

Nikaangalia. Sarafu zilijipanga kama ukuta pale pale nyoka wanapotokea. Kule maabara tunacheza bure, kwa swichi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuweka sarafu pale. Gemu likipendwa, foleni inakua. Foleni ikikua, nyoka hawaonekani.

Lorna akavunja utaratibu, akamgeukia mwenye kofia. "Dada, ungeitoa kidogo hiyo sarafu?"

"Niitoe, halafu zamu yangu ailinde nani? Wewe?"

Dunlap akacheka mpaka akakohoa. "Basi wahame nyoka. Nipandishie ardhi ya gemu ipite kimo cha sarafu, Jumatatu nalipeleka kiwandani."

Lorna hakumsikia. Alikuwa kabandika kidole kwenye kioo, anapima kimo cha sarafu, na mchezaji anamwambia, "Mama, mkono huo. Naliwa."