Jiko la Njiti

Mzungu mmoja, aliporudi kwao mwaka wa sitini na nne, alimwachia Philemon, karani wa stesheni ya Kiganjo, treni ya kuchezea na vijumba vya plastiki vilivyotoka dukani tayari. Philemon alivitia balbu. Mwanga ukapenya kutani, akapaka rangi nyeusi kwa ndani mpaka ukabaki madirishani tu. Lakini hakikuwapo hata kimoja chenye jiko la nje. Akaliunda kwa njiti za kiberiti, akalitia balbu pia.

“Hii inavuja kila mahali,” alisema jirani yake Mutahi, akimpa brashi. “Paka.”

“Wacha ivuje. Jiko ya bibi yangu ilikuwa hivyo. Nikishuka treni nione hiyo mwanga, najua ako.”

Mutahi, aliyebeba jeneza la Keziah, mke wa Philemon, mwezi Aprili, alifunika mkebe wa rangi.