Maji ya Kwetu ni Mazito

“Baba, maji ya kwetu ni mazito,” binti alitangaza, mikono kiunoni.

Juu ya kaunta ya duka ilikuwepo mizani ya sahani mbili. Kwenye sahani moja alikuwa ameweka chupa ya lita iliyojaa maji. Kwenye ya pili aliweka chupa tupu ya aina ileile pamoja na jiwe la kilo, lile la chuma, ili chupa na chupa zimalizane, maji yabaki kupambana na jiwe. Ndivyo walivyofundishwa. Muhula mzima darasa la nne walikuwa wakijifunza vipimo: walipima ubao kwa shubiri, uwanja kwa hatua, ndoo kwa vikombe. Sasa mwalimu alikuwa amewaambia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, wakahakikishe wenyewe kwenye mizani yoyote watakayoipata.

Upande wa maji ulikuwa umeshuka, jiwe likaelea juu. Binti alipunguza maji kidogo kidogo, na sahani zilikuja kulingana baada ya maji aliyoyatoa kujaza kikombe kizima cha kahawa.

“Pengine umezidisha maji,” baba yake alisema.

“Sijazidisha. Nimeinama mpaka jicho likawa sawa na alama ya lita, wala sikuharakisha. Mwalimu anasema, sema ulichokiona, si ulichoambiwa. Kesho namwambia: labda maji ya kwao ndiyo mepesi.”

Nyumbani walimwita Wakili, kwa sababu hakuwahi kushindwa kesi bila kukata rufaa. Baba naye alikuwa na jina lake, alilopewa na mtaa: Kilo Kamili. Hakuweza kupima sukari bila kutamka maneno hayo kwa sauti, kisha akadonoa punje kidogo kwa vidole na kuongezea juu, mteja akaondoka akijiona amependelewa. Kumbe chini ya jiwe lile palikuwa na tundu. Miaka kadhaa nyuma, biashara ilipokuwa ikikata roho, alichokonoa risasi iliyozibia tundu hilo, yale madini mazito, akajaza nta ya mshumaa na kuipaka masizi. Ni mpaka hali itengemae tu, alijiambia. Hali ikatengemaa, nta ikabaki. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Hawakutaja kwamba yana raha pia.

Angeweza kusema neno pale pale. Badala yake alicheka.

“Haya, Wakili, kamweleze mwalimu wako.”

Alidhani maneno ya watoto hufia kwenye lango la shule. Kesho yake binti alirudi macho yamemvimba, lakini shingo imesimama.

“Wenzangu wote wamepata kilo, mimi peke yangu sikupata. Wananiita Maji Mazito. Nimewaambia mizani ya baba yangu haikosei hata siku moja, wao ndio wajiangalie.”

“Na mwalimu je?”

“Yeye hakucheka. Ameomba tuwaazime mizani yetu Ijumaa, siku ya wazazi. Nitapima mbele ya watu wote, wanyamaze.”

Baba alijishika kwenye ukingo wa kaunta. Wazazi wa darasa lile takriban wote walikuwa wateja wake. Aliwaona wakiwa wamejipanga, macho kwenye sahani, na haya zikampanda kutoka tumboni hadi masikioni.

Jioni hiyo alifunga duka mapema. Alikwangua nta kwa msumari, akachukua kopo la misumari na kutoa kutoka chini yake ile risasi ya zamani. Kwa nini aliitunza, hakuwahi kujua. Aliigongomea mahali pake hadi ikakaza. Alipomaliza alijisikia msafi, akaanza hata kujisifu moyoni: tangu kesho kila mtu angepata haki yake, basi nani ameumia? Alilala usingizi mzuri, jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko mengi.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kubeba mizani kwenda shule, binti alitaka kujaribu mara moja. Sahani zililingana. Alimwaga maji, akajaza upya, akainama, akangoja. Zikalingana tena. Baba alikuwa akifuta mtungi wa sukari ambao haukuwa na vumbi.

“Baba,” binti alisema kwa sauti ya chini, “nilikosea. Nimembishia mwalimu bure.”

“Kukosea ni kawaida, mwanangu,” baba alimjibu.

Darasani wazazi waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafikia vifuani. Fundi cherehani, jirani wa duka ambaye alinunua kwake sukari na unga miaka nenda miaka rudi, alimsogezea nafasi kando yake. Zamu ya Wakili ilipofika, mwalimu alimwambia kwa upole kwamba apime tu, halafu akakae.

“Nina neno kwanza, Mwalimu.” Binti aligeukia watu. “Mimi nilisema maji ya kwetu ni mazito. Nikasema pia mizani ya baba yangu haikosei, na ni kweli haikosei. Aliyekosea ni mimi. Sikuangalia vizuri. Naomba radhi kwa mwalimu na kwa wenzangu.”

Makofi yakalipuka. Fundi cherehani akamgonga baba begani.

“Mtoto amelelewa huyu! Hongera, Kilo Kamili.”

Baba aliinua mikono apige makofi na wenzake, ikamgomea. Alikuwa akimtazama binti yake. Mikono haikuwa kiunoni. Ilikuwa imefichwa nyuma ya mgongo, na macho yalikuwa sakafuni, mtoto ambaye hakuwahi kuikubali hukumu hata ya kwenda kulala. Wateja aliwapunja sukari na unga. Huyu alikuwa amempunja macho yake mwenyewe. Aibu aliyoikimbia siku zote hizo ilikuwa ndogo mno mbele ya hii.

Akasimama, dawati likalia.

“Hukukosea,” alisema.

Makofi yalififia. Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akatabasamu kwa namna ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

“Nadhani baba anataka kusema kwamba watoto hujifunza kwa makosa yao.”

Watu walikuwa tayari kucheka na kuendelea. Ilibaki yeye kuitikia kwa kichwa tu, yaishe.

“Hapana, Mwalimu. Siku ile alipima sawasawa. Jiwe ndilo lilikuwa pungufu. Nililipunguza mwenyewe, zamani. Juzi ndipo nikalirudishia.”

Fundi cherehani alijisogeza polepole hadi mwisho wa dawati.

“Nilijua!” Furaha ilimrukia binti kabla ya kitu kingine chochote. Mikono ikarudi kiunoni, akawageukia wenzake. “Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?”

Aliwatazama wenzake, akawatazama wazazi, mmoja baada ya mwingine, akitafuta ni kwa nini watu hawafurahi. Halafu akaligeukia jiwe. Alilitoa kwenye sahani, akalipindua. Risasi iling’aa kwenye tundu lake, ikiwa na alama mbichi za nyundo. Alipitisha kidole juu yake, na mkono uliobaki kiunoni ukashuka taratibu.

Baba aliketi. Binti alikuja na jiwe mkononi, akasimama mbele ya lile dawati dogo. Kwa ufupi wa dawati macho yao yalikuwa sawa. Alimtazama baba yake vile walivyofundishwa kuitazama alama, wala hakuharakisha.