Kilo Kumi na Tatu

Boti yetu ilikwenda upande mmoja tu. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana nimechoka kueleza. Iliundwa kwa upepo wa kutoka kulia, basi. Ikifika mwisho wa njia yake haigeuki. Lazima ivutwe kwa boti ya injini mpaka ilipoanzia. Mume wangu aliichora hivyo makusudi. Alitaka mwendo, na mwendo, alivyokuwa akisema, hautaki mambo mengi.

Haikuwa na tanga. Ilikuwa na bawa gumu kama la ndege, refu kuliko nyumba yetu, nililolitengeneza mimi kwa nyuzi za kaboni, gundi na msasa kwa miaka miwili, mpaka vumbi jeusi likaingia kwenye mistari ya viganja vyangu na halitoki. Tanga hupiga kelele, unajua limekasirika. Bawa halisemi kitu. Lilisimama upande mmoja, na upande wa pili, mwisho wa boriti ndefu, palikuwa na kiti cha dereva juu ya boya lake. Bawa likivuta, uzito wa aliyekaa kitini ndio unaolizuia boya hilo lisiruke. Uzito ukipungua, boti inapinduka ikiwa kwenye kasi ya gari, na kutoka hapo mzima ni bahati nasibu.

Kiti kilipimwa kwa mume wangu. Kilo sabini na nne, pamoja na helmeti. Mpaka povu la mgongoni, ile sponji ngumu ya kuegemea, lilifinyangwa kwa mgongo wake, akilalamika kuwa tunamtekenya. Kisha akaugua homa siku tatu akafa, kitandani mwake, boti haijagusa maji hata siku moja.

Aliyekikalia kiti ni dada yake, wifi yangu, mbishi asiye na mfano, mdomo wembe. Tulipendana kwa kugombana. Alikuwa na kilo sitini na moja. Zilizobaki tulizijaza kwa mfuko wa mchanga, kilo kumi na tatu, uliofungwa kwa mikanda miwili nyuma ya kiti. Kazi ya kuufunga ilikuwa yangu.

Kabla ya kila safari tulisoma orodha. Mume wangu ndiye aliyeiandika, mistari kumi na minne, ikabandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Mchanga haukuwemo, kwa kuwa yeye hakuuhitaji. Na sisi watatu, watu wazima na akili zetu, hakuna aliyethubutu kuongeza mstari chini ya mwandiko ule. Tulisema tutakumbuka.

Wa tatu alikuwa rafiki wa mume wangu, mtu wa vipimo, tuliyemwita Bwana Gramu tangu siku alipobandua stika kwenye helmeti akidai inaongeza uzito. Yeye alikaa ufukweni chini ya turubai na kompyuta yake, akisoma kila ambacho boti ilimtumia: upepo, mwendo, na uzito ulio juu ya kiti.

Asubuhi ile upepo ulikuja vile tulivyouomba kwa wiki tatu. Nikiwa namfunga wifi mikanda, akasukuma povu kwa kiwiko.

"Hili linaniumiza. Kesho tulikate."

"Halikatwi."

"Wifi, mimi ndiye ninayekaa hapa."

"Umekaa kama mgeni. Kiti si chako."

Nilijua nimemkata maini hata kabla sijafunga mdomo. Alizima redio yake ya kwenye helmeti mbele ya macho yangu, akatazama mbele. Nikasoma orodha kwa hasira, mistari yote kumi na minne, naye akaitikia kila mmoja kwa kidole gumba. Nikamvuta kwa boti ya injini mpaka mwanzo wa njia, nikafungua kamba.

Bawa likashika upepo bila sauti. Boti ikaondoka. Nilipoinama kukunja kamba, nikauona mfuko wa mchanga umekaa miguuni pangu.

Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Nikaita kwa redio, nikijua imezimwa. Nikamwita Bwana Gramu.

"Kiti! Kiti kina ngapi?"

"Sabini na nne."

"Soma tena!"

"Sabini na nne, shemeji. Mwendo tisini. Tisini na tano. Una nini?"

Nilisimama nimekumbatia kilo kumi na tatu za mchanga kifuani, nikiitazama boti ikipita juu ya maji, imenyooka, boya la kiti limelala palepale lilipotakiwa kulala.

Nilimkuta mwisho wa njia. Alikuwa bado amekaa, analia na kucheka kwa pamoja.

"Kaka alikuwa nyuma yangu," alisema. "Povu halikuniumiza. Alinibana hapa, mabegani, kama alipokuwa ananifundisha baiskeli."

Nikamfungua, akashuka kwenye maji ya kiunoni. Redio yangu ikakoroma.

"Ameshatoka?" Bwana Gramu aliuliza.

"Ameshatoka."

"Kitini kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi mbona nasoma kumi na tatu?"

Tukatazama kiti. Kilikuwa kitupu, maji yanadondoka kwenye mikanda. Lakini boya lilikuwa limezama zaidi ya inavyopaswa, na nikalishika kwa mkono, likawa zito. Vinyweleo vilinisimama. Kisha likaanza kupanda polepole, kama mtu anavyoinuka asimwamshe mwenziwe.

"Tisa," alisema Bwana Gramu. "Nne. Sifuri."

Tulipoirudisha boti, yeye mwenyewe aliingia majini na sanduku la vifaa, akaliweka kitini, akaenda kusoma. Kilo ishirini na mbili, vilevile kama mizani ya karakana. Kipimo kilikuwa kizima. Akakaa chini ya turubai, akaiandika namba bila ubishi, na huyo ni mtu wa kubishana mpaka na saa ya ukutani.

Mimi hofu ilikuwa imeshanitoka. Nilichobaki nacho ni wivu, na sioni haya kusema. Miaka kumi na mmoja nimelala ubavuni pa mume wangu. Tangu azikwe nimelala upande wangu wa kitanda, nikimwachia wake, na hajaja hata kwa ndoto. Nikapanda kitini. Nikaegemea povu, nikafumba macho, nikamwita kwa jina nililokuwa nikimwita chumbani.

Povu lilikuwa baridi.

"Sitini na nane," redio ikasema, taratibu. "Ni wewe tu, shemeji."

Nikashuka.

Wifi alitaka kurudia. Nilimkataza, Bwana Gramu akamkataza, akatusikiliza kama anavyosikiliza mvua, akapanda na kujifunga mikanda mwenyewe. Nilipochukua mfuko wa mchanga akanishika mkono.

"Usiuweke. Ukiijaza nafasi yake, atakaa wapi?"

"Na asipokuja?"

"Atakuja."

"Umeahidiwa na nani? Asipokuja, mimi nitamwambia nini mama yenu?"

"Wifi, nakuomba. Nimemsikia akihema."

Niliufunga mchanga, mkanda wa kwanza, mkanda wa pili, nikakaza mpaka kucha zikauma. Alilia kwa sauti. Sikumtazama usoni. Nilimvuta mpaka mwanzo, nikafungua kamba.

"Sabini na nne," Bwana Gramu alisema. Boti ikaenda, imenyooka, tisini na nane, ikasimama salama. Wifi akashuka. Nikautoa mchanga, tukasubiri.

"Sifuri," redio ikasema. Tukasubiri zaidi. "Bado sifuri, shemeji."

Wakati wa kuivuta boti, wifi alikaa kwenye boti yangu ya injini amenipa mgongo, taulo kichwani. Tulifika nusu ya njia ndipo akaongea.

"Ungekuwa wewe kitini, na mimi nimeshika mchanga, ungeniacha niufunge?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Angeona nimemtendea haki, ugomvi ungekwisha, naye angenisamehe.

"Nisingekuacha," nilisema. "Ningeutupa majini."

Hakugeuka. Alisogea nyuma mpaka mgongo wake ukagusa magoti yangu, akaniegemea kwa uzito wake wote.