Nusu ya Jibu

Picha ya nyumba ilikuwa juu ya meza, na mkalimani alishindwa kuiondolea macho. Vyumba vitatu, jiko lenye dirisha, kodi ya miaka miwili ikilipwa na serikali kutoka fungu la makazi ya wakimbizi. Yeye alipoingia nchi hii, miaka kumi na minane iliyopita, alipewa blanketi na kuambiwa ajitegemee. Binti yake alikulia katika chumba kimoja nyuma ya gereji, pazia likitenga kitanda na masufuria. Yeye mwenyewe bado anaishi humo.

Mbele yake aliketi mama wa watoto watatu, mgeni wa miezi minne tu.

"Muulize," alisema afisa wa makazi, "ana ndugu hapa anayeweza kuwapokea?"

Mkalimani akauliza.

"Yupo shemeji yangu," mama alijibu. "Tulikaa kwake wiki mbili. Mkewe akatutupia mizigo nje, dada yangu, na mvua inanyesha."

Mkalimani aliitazama tena ile picha kwa wivu.

"Anasema yupo shemeji yake. Walikaa kwake."

Uongo haukuwemo. Kila neno lilikuwa la yule mama.

Afisa aliandika, akaivuta picha upande wake. "Basi warudi huko. Fungu hili ni la wasio na pa kwenda."

Mama hakuyaelewa maneno, ila aliiona picha ikiondoka. "Nimejibu vibaya, dada? Wewe mwenyeji, nielekeze. Wewe walikupa vyumba vingapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Uso ulimchoma kwa aibu.

"Bwana," alimwambia afisa, "jibu lake sikulimaliza." Akalimaliza lote, mizigo na mvua.

Afisa aliiweka kalamu chini. "Miaka tisa hapa, hujawahi kuruka neno."

"Leo nimeruka."

Afisa alimtazama, kisha akaandika mistari miwili pembeni mwa fomu. Ilimhusu mama au ilimhusu yeye, mkalimani hakujua. Wivu nao haukuwa umeondoka. Ulikuwa umejikunyata tu.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anaandika. Tusubiri." Kisha, kwa sauti ya chini: "Chumba kimoja. Na nilikitafuta mwenyewe."

Mama akajisogeza ukingoni mwa kiti chake, kama anayempisha mtu akae, ingawa kiti kilikuwa cha mtu mmoja.