Ua Dume la Fundi Viatu

Komeo la mlango wa uani lilitoa kilio chembamba, nikalishika kwa mikono miwili lisiamshe watu. Bado kulikuwa giza. Ua la boga hufunguka jua likichomoza, na kabla ya saa nne limeshajikunja. Ukichelewa, basi tena.

Mwenye nyumba alikuwa ameshasema lake. "Bibi, mmea huu ni majani matupu. Jumamosi fundi bomba anakuja, tangi la maji litakaa hapo."

"Na tunda likishika?"

"Likishika, tangi nitaliweka nyuma ya choo. Lakini halitashika."

"Tutaonana Jumamosi," nilimjibu, wala sikumpisha njia.

Tangu nihamie kwa mwanangu, kila nikigusa kitu naambiwa, "Mama, pumzika." Wananipenda, najua. Mkamwana wangu hunipashia maji ya kuoga kabla hajaenda kazini, hata siku anazochelewa. Lakini mimi sikuja pale kuwa mto wa kochi. Mmea ule niliupanda mwenyewe, na ndio kazi pekee ambayo hakuna aliyenipokonya mkononi.

Tatizo nililijua. Mtaa ulipigwa dawa ya mbu, na nyuki hawakuja tena. Ua la kike, lile lenye kiboga kidogo chini ya shingo, likikosa chavua, yaani ule unga wa njano wa ua dume, kiboga chake hunyauka na kuanguka. Basi Jumatatu ile niliamua kuifanya kazi ya nyuki.

Kulipopambazuka, ua moja la kike lilikuwa wazi. Nikatafuta dume. Nikafunua jani hili, nikafunua lile. Vikonyo vitupu, vimekatwa kwa ukucha.

Mkamwana wangu akatokea na ndoo. "Mama, unatafuta nini na baridi hii?"

"Yale maua membamba, yasiyo na tumbo."

"Si huwa nayakata kila jioni! Niliona hayazai, yanakunywa maji ya wenzao bure. Nilitaka kukusaidia." Akautazama uso wangu. "Mungu wangu. Nimefanya nini?"

"Umewafukuza waume wote, mwanangu, halafu tunawasema wake kwamba hawazai."

Akaziba mdomo, kicheko na kilio vikigombania nafasi. "Nitaongea na mwenye nyumba. Nitamwomba."

"Hakuna kuomba mtu. Nipe viatu vyangu."

Fundi viatu wa pale kona ana mmea wa boga uliopanda hadi kwenye bati la kibanda chake. Huwa tunasalimiana kwa mbali tu.

"Hodi, fundi! Nimekuja kuomba dume."

Akachungulia, gundi vidoleni. "Asubuhi yote hii, dada? Ungeniambia jana nikaoga."

"Dume la ua, mzee mzima wewe!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akapanda juu ya stuli na goti lake bovu, akachuma maua mawili, akayafunga kwenye kipande cha ngozi laini. "Tembea polepole," alisema, "unga usimwagike."

Nyumbani niliyaambua maua yale mpaka kikabaki kinundu cha njano, nikakisugua taratibu juu ya kichwa chenye kunata cha ua la kike. Mkamwana wangu alinishikia majani, kazini akichelewa.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa kila punje ya unga inaotesha kijiuzi, kinashuka ndani hadi kwenye vijiyai. Vikiungana, mbegu inaanza. Boga linanenepa kwa ajili ya mbegu zake, si kwa ajili yetu."

Jumamosi mwenye nyumba alikuja na fundi bomba. Kiboga kilikuwa kama ngumi yangu, kijani, kinang'aa.

"Kitaanguka," alisema.

"Kishike."

"Bibi..."

"Kishike, nimesema. Vilivyoanguka vilikuwa vya njano, vyepesi kama pamba."

Alikishika. Akamgeukia fundi bomba. "Tangi lipeleke nyuma ya choo." Sikumshukuru. Lilikuwa neno lake mwenyewe, alilitimiza.

Jioni nilimpelekea fundi viatu habari. Alinipangusia stuli ya wateja kwa shati lake, akataka kujua kila kitu: kikonyo kimenenepa? Mwenye nyumba alikunja uso? Akasema hakumbuki mara ya mwisho ni lini mtu alikaa hapo bila kiatu kilichochanika mkononi.

Nikasimama kuaga.

"Kesho uje tena, dada," alisema. "Maua bado yapo." Akainamia nyundo yake, kisha akainua kichwa. "Na hata yakiisha, uje."